Kinachotusukuma Kuvuta Pumzi

Katika kazi ya uuguzi niliyoifanya kwa miaka mingi kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, nimekutana na watu wengi, wakiwamo watumishi wenzangu wa afya, wanaoamini kwamba mtu husikia kubanwa na pumzi pale oksijeni inapompungukia. Kwa sehemu kubwa haiko hivyo. Kinachomfanya mtu aitamani hewa ni hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayojikusanya katika damu yake, na oksijeni inaweza kushuka hadi mahali pa hatari huku mwenyewe ameketi ametulia, anasalimiana na watu na kuulizia bei ya dagaa. Vyuoni jambo hili hufundishwa kwa mistari michache na kupitwa haraka. Mimi nililielewa kupitia wagonjwa, na kwa kuwa nimeona linavyoua ziwani na vyumbani, nataka kulieleza kwa kirefu.

Mgonjwa aliyenifanya nilitazame upya somo zima la kupumua alikuwa mzee mmoja mvuvi, aliyefika zahanati kwa miguu yake mwenyewe akiwa na kikohozi na homa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaketi kwenye benchi na kuniambia, "Ni uchovu tu wa ziwani, mwanangu. Nipe dawa ya kikohozi nirudi nyumbani." Hakuhangaika wala hakushika kifua. Nilipombana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni, kilisoma asilimia 86, wakati mtu mwenye afya husoma 95 au zaidi. Nilipangusa kidole, nikakisugua kipate joto, nikahamishia kifaa mkono wa pili, na tarakimu zikabaki zile zile. Kisha nikamwomba atembee nami hadi mwisho wa veranda na kurudi. Alipoketi tena kifaa kilikuwa kimeshuka hadi 79, midomo yake imeingia rangi ya kijivu, na bado alinihakikishia kwamba hajambo, ila miguu ndiyo imelegea.

Ili kuelewa hali ya mzee yule ni lazima kwanza kufuata safari ya hewa yenyewe. Mapafu hayana misuli ya kujivutia hewa. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kinapojikaza hushuka, mbavu huinuka, nafasi ya kifua hupanuka na mgandamizo wa hewa iliyo ndani hupungua, na hapo hewa ya nje huingia yenyewe. Kutoa pumzi wakati wa kupumzika hakuhitaji nguvu, kwa maana misuli hulegea na mapafu hujirudi kwa mnyumbuko wake. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban mililita 500 kwa kila pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Katika hizo mililita 500, takriban 150 huishia kwenye koo la hewa na matawi yake, ambako hakuna ubadilishanaji wowote wa hewa unaofanyika. Kila mara nilipopata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo niliwaandikia hesabu hii ubaoni, kwa sababu naiona kuwa ya thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Mtu anayevuta mililita 500 mara 12 kwa dakika huingiza lita 6, na mwingine anayevuta mililita 200 mara 30 huingiza lita 6 vilevile. Ukiondoa zile 150 za njiani kwa kila pumzi, wa kwanza amefikisha lita 4.2 mahali panapohusika, na wa pili amefikisha lita 1.5 tu. Anayehema juu juu kwa haraka anaweza kuonekana anapumua sana kumbe anazungusha hewa ile ile kooni.

Mahali panapohusika ni vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwishoni mwa matawi, ambavyo mtu mzima anavyo mamia ya milioni, na kuta zake zikitandazwa zingefunika eneo la takriban mita za mraba 70. Ndani vimepakwa ute maalumu unaozuia kuta zake kunata na kufumba. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi huwa hajatengeneza ute wa kutosha, na ndiyo maana mama anayeshikwa na uchungu mapema huchomwa sindano hospitalini ili mapafu ya mtoto yakomazwe. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kuliko yote mwilini, na kati ya hewa na damu kuna ukuta wenye unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Katika ukuta huo hakuna pampu wala kichujio kinachochagua. Kila hewa huhama kutoka upande iliko kwa wingi kwenda upande iliko kidogo. Damu inayorudi kutoka mwilini hufika pafuni ikiwa na msukumo wa oksijeni wa takriban milimita 40 za zebaki, ambacho ni kipimo cha mgandamizo, na ndani ya kifuko msukumo huo ni takriban 100, kwa hiyo oksijeni huingia kwenye damu. Kwa hewa ukaa damu huja na 45 na kifuko kina 40, kwa hiyo hewa ukaa hutoka. Tofauti ya 5 tu inatosha, kwa sababu hewa ukaa hupenya kwenye utando wenye majimaji kwa wepesi wa takriban mara 20 kuliko oksijeni.

Hapo ndipo penye jibu la kwanza kuhusu mzee wetu. Sehemu ya vifuko vyake ilikuwa imejaa majimaji ya homa ya mapafu, na damu iliyopita hapo ilirudi mwilini bila kuchukua oksijeni. Vifuko vilivyobaki vizima viliweza kutoa hewa ukaa ya ziada kwa kuongeza mwendo wa pumzi, na kwa kweli nilipomhesabia nilikuta anapumua mara 28 kwa dakika bila yeye kujua. Lakini vifuko vizima haviwezi kufidia oksijeni kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa himoglobini, yaani kibebea oksijeni kilicho ndani ya chembe nyekundu za damu, inayopita hapo tayari imeshajaa karibu kabisa na haina nafasi ya kupokea zaidi. Matokeo yake ni damu yenye oksijeni pungufu na hewa ukaa ya kawaida, au hata chini ya kawaida.

Jibu la pili limo kwenye muda. Chembe nyekundu ya damu hukaa katika mshipa unaozunguka kifuko kwa takriban robo tatu ya sekunde mtu anapopumzika, na kwa mtu mzima wa afya oksijeni huwa imeshajaa ndani ya robo sekunde ya mwanzo. Ile nusu sekunde iliyobaki ni akiba. Ukuta ukinenepa kwa ugonjwa, akiba hiyo huliwa kimya kimya, na mgonjwa anapotembea, moyo hukimbiza damu, muda hupungua, na upungufu uliokuwa umejificha hujitokeza. Kwa sababu hiyo niliendelea kuwatembeza wagonjwa verandani kila nilipotilia shaka kifua cha mtu mzima anayejiona mzima na ambaye kipimo chake akiwa ameketi hakikuwa kibaya. Mzee yeye alishaonyesha hatari tangu akiwa kwenye benchi, tukamwekea oksijeni na kumpeleka mjini siku hiyo hiyo, ingawa ilibidi mwanawe aje kumsihi ndipo akubali.

Sasa tuje kwenye kiini. Ni nani mwilini anayeamua kwamba pumzi iongezwe? Mwaka 1905 wataalamu wawili wa Uingereza, John Scott Haldane na John Gillies Priestley, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba ongezeko dogo tu la hewa ukaa katika vifuko vya mapafu linatosha kuzidisha kupumua kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa ya hewa ukaa, takriban asilimia 70, husafiri ikiwa imegeuzwa kuwa bikaboneti ndani ya damu, na katika kugeuzwa huko tindikali huzalishwa. Shina la ubongo, lililo juu kidogo ya kisogo cha shingo, huonja tindikali hiyo kwenye majimaji yanayolizunguka na kuamuru misuli ya kupumua ifanye kazi. Oksijeni nayo ina vipimo vyake, vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo, na Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kueleza kazi ya vipimo hivyo. Ila vipimo hivi havipigi kelele kwa nguvu mpaka msukumo wa oksijeni katika damu ushuke hadi kiasi cha milimita 60 za zebaki, wakati wa kawaida hukaribia 95. Kati ya hapo na hapo pana mwanya mkubwa wa ukimya.

Kwa watoto wadogo mwanya huo huonekana kwa sura nyingine. Mtoto mwenye nimonia hana lugha ya kusema anabanwa, kwa hiyo tunahesabu. Mama humpakata mtoto akiwa ametulia, halali wala halii, tunapandisha fulana hadi kwapani, na macho yangu huyaweka pale tumbo linapokutana na mbavu, nikihesabu dakika nzima bila kukatisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Nusu dakika mara mbili haitoshi, kwa kuwa pumzi ya mtoto mchanga husimama na kukimbia bila mpangilio. Kisha natazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani wakati mtoto anavuta hewa. Kubonyea huko kunaonyesha mapafu yamekuwa magumu kiasi kwamba kiwambo kinavuta mbavu badala ya kuvuta hewa.

Jambo ambalo sikuacha kuwaeleza akina mama, hata pale foleni ilipokuwa ndefu, ni kuhusu mtoto aliyekuwa akihema kwa kasi halafu akapunguza mwenyewe. Bibi mmoja aliniletea mjukuu na kunieleza kwa furaha kwamba usiku kucha alihangaika, ila tangu alfajiri ametulia na anasinzia. Nilipomfunua kifua nilikuta pumzi ni chache, ndogo na zenye kukatika, na vidole vimepoa. Misuli ilikuwa imechoka. Hewa ukaa ikizidi sana haimchokozi tena mtu apumue bali humlevya na kumsinzisha, na usingizi wa namna hiyo ni hatua ya mwisho kabla pumzi haijasimama. Mtoto anayepona nimonia hupunguza mwendo wa pumzi huku akinyonya, akitazama huku na huku na kulia kwa nguvu. Anayezidiwa hupunguza mwendo huku akilegea na kukataa titi. Tofauti hiyo mama yeyote anaweza kuiona bila kifaa, akishaonyeshwa mara moja.

Kwa vijana wa ziwani hatari huja kwa njia ya kinyume, yaani kwa kuipunguza hewa ukaa makusudi. Mwambao wetu una miamba mingi chini ya maji, nyavu hunasa, na wapo vijana wanaozamia kuzinasua, kama walivyo wanaozamia kutafuta samaki wa mapambo. Wengi wamezoea kuvuta pumzi kubwa za haraka mfululizo kabla ya kuzama, wakiamini wanajaza oksijeni. Himoglobini ya mtu mwenye afya huwa imejaa asilimia 97 au 98 hata kabla hajaanza kufanya hivyo, kwa hiyo kinachoongezeka ni kidogo mno. Kinachobadilika ni hewa ukaa, ambayo husombwa nje hadi kiwango chake kikawa chini sana. Kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo wanayoisikia, ambayo baadhi yao huiona kuwa dalili ya kuwa tayari, hutokana na upungufu huo, unaobana mishipa ya damu ya ubongo.

Akiwa chini ya maji, kijana huyo hutumia oksijeni kama kawaida, lakini hewa ukaa yake ina safari ndefu ya kupanda kabla ya kufikia kiwango kinachomlazimisha arudi juu. Oksijeni huisha kwanza. Kina nacho humdanganya, kwa sababu kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na mapafu yakibanwa hivyo hata oksijeni kidogo iliyobaki husukumwa kwenye damu vya kutosha. Anapopanda, mgandamizo hupungua, msukumo wa oksijeni huporomoka, na mara nyingi fahamu humtoka akiwa karibu kabisa na uso wa maji, ambapo wenzake wanadhani ameshafika.

Kijana mmoja aliyeopolewa na shemeji yake katika hali hiyo nilikaa naye kitandani kesho yake nikitaka kujua alisikia nini. "Mama, sikusikia kubanwa hata kidogo," aliniambia. "Nilijiona nina pumzi ya kutosha kabisa, nikawa nasema moyoni leo nimeweza." Maneno hayo niliyarudia kwa wengine wengi kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu, kwa sababu yametoka kwa mtu wanayemfahamu. Shemeji yake alikuwa amefanya jambo la maana sana: hakumning'iniza kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili atapike maji, kama inavyofanywa mara nyingi, bali alimlaza chali juu ya mbao za mtumbwi, akamwinua kidevu, akamziba pua na kuanza papo hapo kumpulizia hewa mdomoni. Hewa tunayoitoa bado ina oksijeni ya takriban asilimia 16, kutoka asilimia 21 iliyoingia, na kiasi hicho kinamtosha mtu aliyezimia. Hewa ukaa iliyomo, takriban asilimia 4, haimdhuru katika dakika hizo. Kwa aliyezama, kinachohitajika kwanza ni pumzi, na kila sekunde inayotumika kutafuta maji tumboni mwake inapotea bure. Kwa vijana wanaoendelea na kazi hiyo nilisisitiza mambo mawili, kwamba wapumue kwa mwendo wao wa kawaida kabla ya kuzama, na kwamba asizame mtu bila mwenzake aliye juu anayemtazama hadi atoke na kuvuta pumzi kadhaa. La pili walilipokea vizuri. La kwanza linahitaji kurudiwa kila msimu.

Mahali pa mwisho ambapo hisia ya kubanwa inanyamaza kabisa ni chumbani kwenye jiko la mkaa. Huku ziwani joto si haba, lakini wakati wa mvua, na zaidi katika milima ya Buhigwe na Kasulu ambako nilihamia baadaye, usiku huwa na baridi kali, na mama aliyejifungua huwekewa jiko chumbani ili yeye na mtoto wapate joto. Wazee huwa waangalifu. Husubiri moshi uishe na mkaa ukolee wote uwe mwekundu ndipo waingize. Kwa bahati mbaya mkaa uliokolea, katika chumba kilichofungwa madirisha na kuzibwa upenyo wa mlango kwa kitenge, huzalisha kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na haiwashi macho.

Kaboni monoksidi huingia mapafuni kwa njia ile ile ya oksijeni, hupenya ukuta ule ule na kushika himoglobini pale pale, ila hushika kwa nguvu ya zaidi ya mara 200, kama abiria aliyekalia kiti cha basi na kukataa kushuka kila kituo. Oksijeni ambayo imebahatika kupata nafasi nayo hung'ang'aniwa zaidi, ikawa vigumu kuachiliwa kwenye viungo vinavyoihitaji. Na hapa ndipo somo lote la vipimo vya mwili linapokamilika kwa ubaya wake. Hewa ukaa inatoka kama kawaida, kwa hiyo shina la ubongo halioni shida. Vipimo vya shingoni huonja msukumo wa oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, ambao haujabadilika, kwa hiyo navyo vinanyamaza. Hata kifaa chetu cha kidoleni, ambacho hutegemea rangi ya damu, hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksidi, na huandika 98 kwa mtu anayekufa.

Familia moja niliyoipokea alfajiri, yaani mama mzazi, mama mkwe na binti wa kazi, wote walilalamika kuumwa kichwa, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, na mtoto mchanga alikuwa hanyonyi. Hakuna aliyekuwa na homa. Majirani walishaanza kusema kuhusu chakula cha jana, na wengine kuhusu watu wabaya. Kwangu mimi, watu kadhaa wa chumba kimoja kuumwa kwa pamoja bila homa, na wakaanza kupata nafuu wakiwa njiani kwenye hewa ya nje, kulitosha kuuliza juu ya jiko. Tarakimu za kifaa zilikuwa nzuri kabisa, na niliziweka kando. Mtu anayepumua hewa ya kawaida huhitaji saa 4 au zaidi ili nusu ya kaboni monoksidi iondoke kwenye damu yake, na kwa oksijeni safi muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu, kwa hiyo mtungi tuliokuwa nao tulianza kuutumia kwa mtoto na mama yake, wale wengine wawili tukawaketisha nje verandani, na gari likaitwa. Mama mkwe ndiye aliyeniuliza, kwa uchungu wa kweli, sasa mtoto atapashwaje joto. Tulikubaliana kwamba mtoto avuliwe nguo abaki na kofia, soksi na nepi, afungwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kufunikwa blanketi, na jiko libaki jikoni.